Sura ya Sita: Siku Moja hadi Matema

Ukimwambia mtu wa Mbeya au Iringa kwamba Jumamosi unakwenda ufukweni, atakuuliza ndege ya saa ngapi. Kutoka Mbeya hadi bahari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na basi linaloondoka alfajiri linafika usiku. Kwa hiyo wengi wetu Nyanda za Juu Kusini tumezoea kuamini kwamba mchanga, maji na upepo wa ufukweni ni mambo ya likizo ya mwaka, mambo ya kuweka akiba. Wakati huohuo, upande wa kusini wa Uyole, Ziwa Nyasa, lenye samaki wa aina nyingi kuliko ziwa jingine lolote duniani, linapiga mawimbi yake kwenye mchanga wa Matema, na njia ya kulifikia ni lami tupu.

Ni kilomita 160 hivi kutoka katikati ya jiji la Mbeya. Zamani kipande cha mwisho, kuanzia Kikusya kupitia Ipinda, kilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na bila gari refu la fo-wili hukuthubutu. Siku hizi IST inafika, Passo inafika. Kilichobaki ni kuipanga siku, na hapo ndipo watu wengi wanapoiharibu safari nzuri.

Wanaiharibu kwa kuanza na swali la saa ngapi tunaondoka. Swali la kwanza liwe saa ngapi tunarudi. Barabara hii ina mahali pamoja pasiposamehe, nako ni mlimani, kwenye Uporoto, kati ya Kiwira na Uyole. Jua likishazama, ukungu hushuka pale ukakaa juu ya lami, taa za gari zikagonga weupe na kukurudia usoni. Malori ya mizigo yanayokwenda na kutoka mpaka wa Kasumulu bado yako njiani, mengine yamezimika kwenye kona na kuwekewa matawi badala ya pembetatu za kuakisi. Dereva aliyekaa juani siku nzima, ameogelea, ameshiba wali na samaki, hapaswi kukutana na hali hiyo gizani. Katika sehemu zetu jua huzama kati ya saa 12 na nusu jioni na saa 1 na robo, kutegemea msimu. Unataka wakati huo uwe unaingia Uyole. Hesabu kurudi nyuma: Matema unaiacha saa 8 na nusu mchana, kwa vyovyote kabla ya saa 9. Ukishakubali saa hiyo, mambo mengine yote yanajipanga yenyewe. Unahitaji saa nne na ushee ufukweni ili safari iwe na maana, basi ufike saa 4 asubuhi. Ili ufike saa 4, gari liondoke Mbeya saa 12 asubuhi, na njiani usimame mahali pamoja tu.

Mahali pamoja. Nitarudi kwenye hilo, kwa sababu ndilo gumu kuliko yote.

Kwanza gari. Kutoka kwenye kilele cha barabara pale Isyonje, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hadi ziwani, ambako uko chini ya mita 500, unateremka zaidi ya mita 1,500 kwa asubuhi moja. Kazi kubwa siku hiyo ni ya breki. Wiki ya safari mpelekee fundi wako gari, avue matairi aangalie pedi na shuzi, aangalie na mafuta ya breki. Umri wa pedi usiukisie kwa sauti. Maji ya rejeta yajazwe, kwa sababu mchana utakuwa unaupanda mlima uleule ukitoka kwenye joto la Kyela. Tairi la akiba lijazwe upepo. Wengi hulikumbuka siku ya pancha.

Halafu namna ya kuteremka. Usiweke gari frii eti unabana mafuta. Gari la gia za mkono lishuke kwa gia ambayo ungeitumia kupandia mlima huohuo. Gari la otomatiki lina alama ya 2 au L, au S au B kulingana na aina, na hizo ziliwekwa kwa ajili ya milima kama hii. Injini ilie, ndiyo kazi yake. Ukianza kusikia harufu ya kitu kinachoungua, kali kama ya nywele zilizopitiwa na moto, hizo ni breki, zako au za lori lililo mbele. Kama ni zako, tafuta mahali papana, simama, ziache zipoe zenyewe bila kuzimwagia maji. Kama ni za lori, liachie nafasi kubwa kuliko unavyodhani inatosha, wala usijipenyeze kulipita kwenye kona.

Kwa anayetoka Iringa lazima niseme wazi: hii si safari yako ya siku moja. Iringa hadi Mbeya peke yake ni zaidi ya kilomita 300, kupitia Mafinga na Makambako, na malori ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia hayakuachii mwendo. Njoo Ijumaa, lala Mbeya au Tukuyu, Jumamosi ushuke. Ukitaka maji ya kwenda na kurudi kwa siku moja kutoka Iringa, chukua barabara ya Dodoma hadi Mtera. Unateremka mlima Nyang'oro, mibuyu inaanza, joto linapanda, na karibu nusu ya njia ya kwenda Dodoma bwawa linajitandaza mbele yako. Lilijengwa kwenye Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme, na kituo chake kina uwezo wa megawati 80. Wavuvi wamepageuza kuwa pao, samaki wanauzwa barabarani, ndege wa majini ni wengi. Kuogelea hapana, mamba wapo na viboko wapo. Ni safari nzuri ya kutazama na kula samaki, na nairuhusu kwa moyo mmoja, ila siifananishi na Matema.

Turudi Mbeya, saa 12 asubuhi. Faida ya saa hiyo unaiona kabla hujatoka jijini, maana kipande cha Mafiati, Mwanjelwa hadi Uyole kikishajaa bajaji, daladala na malori, na kazi ya kupanua barabara kuwa njia nne, kinaweza kukula muda ambao ungeutumia majini. Uyole unakata kulia, unaiacha barabara ya Dar es Salaam. Unapita Igawilo, unaanza kupanda, na hewa inabadilika ndani ya gari kabla hujaiona nje. Vaa sweta. Juni na Julai vaa koti kabisa, hata kama unakwenda kuogelea. Wakulima wa Uporoto wako mashambani mapema, viazi mviringo vimejazwa kwenye magunia yaliyofumwa kichwa juu ya kichwa, kabichi zimepangwa kandokando ya lami. Isyonje kushoto ni njia ya Kitulo, hifadhi iliyotangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Mbele kidogo, Isongole, ni njia ya Ziwa Ngozi, ziwa lililojaa kwenye shimo la volkano, limezungukwa na msitu, na kulifikia lazima upande kwa miguu.

Hapa ndipo mtihani unapoanza. Ngozi inakuita kulia. Ukishuka Kiwira, Daraja la Mungu linakuita, pale mto ulipopita chini ya mwamba wa lava na kuuacha ukiwa daraja, na Kijungu, ambako maji yanazama kwenye chungu cha jiwe. Mbele ni mashamba ya chai ya Katumba, kijani kilichokatwa sawasawa hadi miguuni mwa Mlima Rungwe wenye mita 2,960 hivi. Kwenye msitu wa mlima huo watafiti walimwona mwaka 2003 kipunji, nyani ambaye sayansi ilikuwa haijamwandika, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamjua kwa jina siku nyingi. Ukipita Tukuyu kuna maporomoko ya Kaporogwe, kuna Ziwa Kisiba la Masoko na jengo la kale la Wajerumani ukingoni mwake. Kila kimoja kinastahili siku yake, na kwa sababu hiyohiyo usivibebe vyote katika siku ya Matema. Nimeona familia zinazofika ziwani saa 8 mchana zikiwa zimechoka, watoto wamelala, mama amekasirika, picha hamsini za njiani kwenye simu na dakika arobaini za mchanga. Sipendi kumwona mtu akiifanyia hivyo safari ambayo pengine ameiwekea akiba miezi.

Chagua kimoja. Mimi huchagua Daraja la Mungu, kwa sababu liko karibu na barabara na halidai kupanda mlima. Njia inapita eneo la Magereza, hivyo jisajili pale wanapokuelekeza, ongea na askari kwa heshima, na usielekeze kamera kwenye majengo yao. Ukisimama juu ya mwamba ule unaielewa nchi nzima ya Rungwe. Lava iliyomwagika ndiyo iliyotengeneza daraja, ndiyo iliyosagika kuwa udongo mweusi unaobeba migomba, chai, maparachichi na kahawa. Mlima Kyejo, hapo jirani, ulimwaga lava yake ya mwisho yapata miaka 200 iliyopita, muda mfupi mno kwa umri wa mlima. Nusu saa inatosha. Nunua ndizi mbivu na parachichi Kiwira, ndicho kifungua kinywa, uendelee.

Tukuyu jaza mafuta, hata kama tangi liko nusu. Mvua ni jambo la kila siku katika mji huu, unaopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na lami yake huteleza. Hapo hapo utasikia habari ya njia ya mkato ya Masoko inayotokea Ipinda. Ni fupi kwenye ramani. Mwenye gari dogo, na hasa kuanzia Novemba hadi Mei, abaki kwenye barabara kuu.

Kutoka Tukuyu kwenda chini ndiko utamu wa kuendesha ulipo. Kona moja chai inaisha, kona nyingine migomba inakuwa mirefu, mianzi inatokea, kisha madirisha yanashushwa moja baada ya jingine na sweta zinarushwa kiti cha nyuma. Unaiacha njia ya Kasumulu inayokwenda Malawi, unakata kushoto kuelekea Kyela, na nchi inalala chini kabisa, tambarare ya mpunga. Mchele wa Kyela tunaoununua kwa bei ya juu Mbeya na Dar es Salaam unatoka kwenye majaruba haya. Chini ya miembe na migomba kuna kakao, maganda yake ya njano na ya zambarau yameota shinani kabisa mwa mti, na mbegu zake zimeanikwa nje ya nyumba zikitoa harufu ya uchachu. Michikichi inasimama katikati ya uwanja. Kilomita chache kabla ya mji wa Kyela, pale Kikusya, kata kushoto tena. Kutoka hapo ni kilomita 39 hadi mwisho wa safari, na baada ya Ipinda Milima ya Livingstone inaanza kuziba upande mzima wa mashariki. Punguza mwendo. Vijijini sheria ni kilomita 50 kwa saa, trafiki wana tochi, na zaidi ya tochi kuna watoto, ng'ombe na baiskeli zenye mikungu ya ndizi.

Matema ni kijiji cha wavuvi na cha misheni. Wamisheni wa Berlin waliingia Unyakyusa mwaka 1891, mwaka uleule ambao Wamoraviani walianzisha kituo chao Rungwe, na ukingo huu wa ziwa ukawa sehemu ya Waberlin. Mpaka leo hospitali ya hapa ni ya Walutheri, Dayosisi ya Konde, na kujua kwamba ipo ni sehemu ya maandalizi ya mtu anayesafiri na watoto. Ufukwe wenyewe ni mchanga wa rangi ya kaki, miembe mikubwa kwa nyuma, mitumbwi iliyochongwa kwa gogo moja imevutwa juu, na upande wa kushoto ukiangalia maji ukuta wa milima unaotumbukia ziwani bila kuacha hata nafasi ya barabara. Ziwa lina kina cha mita 700 hivi pale linapozidi kabisa, na upande huu wa milima kina huanza ghafla. Mtoto asiyejua kuogelea abaki mahali ambapo maji hayamfiki kiunoni, na mtu mzima mmoja awe na kazi hiyo moja tu ya kumtazama.

Ogelea pale wenyeji wanapoogelea. Waulize, watakuonyesha. Midomo ya mito, hasa Lufilyo, Mbaka na Kiwira, ina mamba, na maji yaliyotulia kwenye matete ndiyo makazi ya konokono wa kichocho. Mchanga wazi, wenye mawimbi, ndio wa kuchagua. Asubuhi ziwa kwa kawaida limetulia, na mchana upepo huamka, hasa katikati ya mwaka ambapo unavuma kutoka kusini na kuyasukuma mawimbi ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 yaje kuangukia ufukwe huu. Kama mnataka kupanda mtumbwi au boti, fanyeni hivyo mara tu mnapofika, mvae maboya ya kujiokolea, na boti isiyo nayo muiache. Ukiona nguzo nyeusi zinapanda juu ya maji mbali kule ziwani, usiogope moto. Ni vijidudu vidogo vya ziwa vinavyoruka kwa mamilioni. Vikifika ufukweni funga mdomo na subiri vipite. Mbu wa Kyela nao si wa kupuuzwa, na asiyelala huko atawakwepa wengi kwa kuondoka mapema.

Nilisema Jumamosi, na nina sababu. Siku hiyo, Lyulilo, mwendo mfupi wa miguu kuelekea milimani, kuna soko la vyungu. Vinaletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe na vijiji vya Wakisi vilivyobanwa kati ya mlima na maji. Wanawake wa Kikisi ndio wafinyanzi. Hawatumii gurudumu, chungu kinainuliwa kwa mkono, kinasuguliwa kwa kokoto laini hadi kinang'aa, kinapakwa udongo mwekundu na kuchorwa mistari myeupe, kisha kinachomwa kwenye moto wa wazi. Vyungu hivyo vinapanda mlima hadi masoko ya Mbeya na mbali zaidi, na bei inapanda navyo. Hapa unamlipa aliyekifinyanga.

Ukikipenda kimoja, kishike kwa mkono mmoja kwenye mdomo na ukigonge ubavuni kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia kwa sauti ndefu, chenye ufa kinajibu kwa mkato. Angalia kitako dhidi ya mwanga. Muulize mwenyewe, "Mama, hiki cha kupikia au cha maji?" Atakwambia, maana vinafanana machoni mwa mgeni na haviko sawa. Cha kupikia, kabla hujakipa maharage, kichemshie uji mwepesi mara moja ili matundu yake yazibe. Punguziwa bei kidogo ukipenda, lakini usimkamue mtu aliyepiga kasia tangu usiku. Kwenye gari vitandikie majani makavu ya migomba, uvijaze majani ndani, uviweke sakafuni nyuma ya viti na siyo kwenye buti, ambako tairi la akiba litavimaliza kwenye tuta la kwanza.

Chakula agiza unapofika, usingoje njaa. Hakuna jiko la haraka Matema, samaki anasubiriwa na mkaa unawashwa. Mbasa akipatikana, mchukue. Ni samaki wa Nyasa anayepanda mitoni kutaga, nyama yake ni nyeupe na yenye mafuta, na kwa wali wa Kyela hahitaji kiungo zaidi ya chumvi na ndimu. Ukiagiza saa 4 na nusu utakula saa 6 na nusu, ukiwa na muda wa kurudi majini na kukauka. Ukiagiza saa 8 utakula saa 10, na saa yako ya kurudi imekwisha. Wenye vibanda vya ufukweni wakikuhudumia vizuri, waambie ndaga fijo, yaani asante sana. Watafurahi.

Saa 8 na nusu funga milango ya gari, hesabu watoto, hesabu viatu. Dereva asiwe amekunywa hata bia moja. Mlima unaupanda kwa gia ndogo na subira nyuma ya malori, na ukifika Isyonje kabla giza halijaingia, huenda ukaiona Uyole na bonde la Usangu vikiwa bado na mwanga. Na kama saa 9 imepita bado mko majini, samaki ndiyo kwanza anageuzwa, na mmoja wenu anasema twende tu tutafika, mkatalieni. Vyumba vipo Matema, vya bei nafuu na vya bei ya juu. Piga simu nyumbani, tafuta chandarua, lala, uondoke saa 12 asubuhi ukiwa na macho.